Masega Bila Asali: Uhakiki wa Istilahi za Kiswahili za Vichapuzi vya Oksidi za Metali na Hewa ya Kampala

Ikisiri

Makala haya yanahakiki istilahi za Kiswahili zinazotumiwa kueleza vichapuzi vya oksidi za metali, yaani vitu vinavyowekwa katika bomba la moshi la gari ili kuzigeuza oksidi za naitrojeni kuwa gesi zisizodhuru. Uhakiki umejikita katika maneno matatu: kichocheo, kupunguza na masega. Kwa kutumia baadhi ya vigezo vya PEGITOSCA vya Kiingi (1989), makala yanaonyesha kwamba neno la kwanza lina uangavu unaopotosha, la pili limerithi utata wa lugha chanzi, na la tatu, lililozaliwa gereji, linataja umbo la kifaa bila kutaja kazi yake. Hoja kuu ni kwamba istilahi ya sayansi haina budi kupimwa kwa tukio inalolitaja kabla ya kupimwa kwa neno la kigeni inalolifasiri. Kampala imeteuliwa kuwa mfano kwa sababu magari yaliyotumika ng'ambo, hewa iliyochafuka na Kiswahili kinachopanuka vinakutana katika mji huo kwa wakati mmoja.

1.0 Utangulizi

Uganda si mgeni katika historia ya usanifishaji wa Kiswahili. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilizihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na kuanzia mwaka 1952 hadi mapema miaka ya 1960 makao yake yalikuwa Makerere, Kampala. Masuala ya tahajia na ya maneno mapya yalijadiliwa katika kilima kile kile ambako leo watafiti wa mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, wanapima uchafu wa hewa ya mji kwa vihisi vilivyofungwa kwenye majengo na kwenye pikipiki za bodaboda. Hata hivyo, kazi hizi mbili ni nadra kukutana. Wanaopima hewa huandika kwa Kiingereza, na wanaounda istilahi za Kiswahili huulizwa mara chache kuhusu hewa.

Sababu za kutaka zikutane zimeongezeka. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lugha inayofundishwa kwa lazima lazima nayo iwe na la kusema kuhusu mambo yanayomgusa mwanafunzi kila siku, na hakuna linalomgusa mara nyingi zaidi kuliko pumzi.

Wakati huohuo, magari yanayoingia nchini ni makuukuu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 Ulaya, Japani na Marekani zilisafirisha nje magari madogo milioni 14 yaliyokwisha kutumika, na kwamba wastani wa umri wa gari la dizeli lililoingizwa Uganda mwaka 2017 ulizidi miaka 20. Mwaka 2018 Bunge la Uganda lilirekebisha sheria ya usalama barabarani na kuzuia uingizaji wa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Magari hayo hushukia Mombasa au Dar es Salaam, kisha huvuka mpaka Malaba, Busia au Mutukula. Hiyo ni njia ya Kiswahili tangu gatini: wakala, dereva anayelisafirisha gari, fundi anayelitengeneza na mnunuzi anayelikagua huelewana kwa lugha hii hata pale ambapo kila mmoja ana lugha yake ya nyumbani.

Swali la makala haya ni dogo lakini lina uzito. Je, watu hao wanapokitaja kwa Kiswahili kifaa kilichowekwa katika gari ili kuilinda hewa, wanataja nini hasa?

2.0 Tukio linalohitaji jina

Istilahi haiwezi kuhakikiwa kabla ya kueleweka kwa tukio lenyewe. Takriban asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni. Atomi mbili za naitrojeni katika kila molekuli zimeshikana kwa nguvu kubwa, na ndiyo maana binadamu huivuta gesi hiyo na kuitoa bila kudhurika. Ndani ya silinda ya injini joto hupanda mno hata mshikamano huo ukavunjika na naitrojeni ikaungana na oksijeni. Huzaliwa monoksidi ya naitrojeni, isiyo na rangi. Ikifika nje huchukua oksijeni zaidi na kuwa dioksidi ya naitrojeni, gesi ya hudhurungi inayowasha njia ya hewa na kuwazidishia shida wenye pumu. Chini ya jua, gesi hizi hushiriki pia katika kuzalisha ozoni karibu na ardhi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachokishauri cha dioksidi ya naitrojeni kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 40 hadi 10 kwa kila mita ya ujazo.

Ni muhimu kuona kwamba oksidi hizi kwa sehemu kubwa hazitoki katika petroli wala dizeli. Zinatoka katika hewa yenyewe, kwa sababu ya joto. Gari lisilotoa moshi unaoonekana linaweza kuzitoa kwa wingi. Kwa hiyo semi zilizozoeleka katika mazungumzo ya mazingira, kama vile moshi mweusi na hewa ukaa, hazizigusi: moshi mweusi ni chembe za masizi, na hewa ukaa ni gesi ya kaboni. Msemaji anayetegemea semi hizo peke yake hana namna ya kulilaumu gari linaloonekana safi.

Dawa ya gesi hizi imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya oksidi za metali. Katika gari la petroli, sehemu ya bomba la moshi hubeba kipande cha kauri chenye mirija mingi midogo iliyopangwa sambamba. Aina ya kawaida ina mirija 60 hivi katika kila sentimita ya mraba. Kuta za mirija hiyo hupakwa oksidi ya alumini, yenye vinyweleo vingi na hivyo eneo kubwa la kugusana na gesi. Huongezwa oksidi ya seriamu, ambayo huhifadhi oksijeni inapozidi na kuitoa inapopungua, na juu yake husambazwa kiasi kidogo cha platini, paladiamu na rodiamu. Rodiamu ndiyo hasa huishika monoksidi ya naitrojeni na kuitenganisha. Naitrojeni hurudi kwa naitrojeni mwenzake, na oksijeni huenda kuunguza monoksidi ya kaboni. Haya yote huanza pale kifaa kinapofikia joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi za Selsiasi.

Moshi wa dizeli una oksijeni nyingi mno kwa njia hiyo kufaa. Kwa hiyo magari makubwa ya kisasa hunyunyiza urea, ambayo hutoa amonia, na amonia hukutana na oksidi za naitrojeni juu ya kichapuzi. Mojawapo ya vichapuzi vya kale vya kazi hiyo ni oksidi ya vanadiamu iliyotandazwa juu ya oksidi ya titaniamu, mbinu iliyostawishwa Japani katika miaka ya 1970 kwa ajili ya mitambo ya umeme. Mwisho wa safari hiyo hubaki naitrojeni na mvuke wa maji. Watafiti wa nchi nyingi wanaendelea kujaribu oksidi za manganizi, shaba, chuma na seriamu ili kazi hiyo ifanyike kwa gharama ndogo na kwa joto la chini.

Katika maelezo haya neno kichapuzi limetumiwa mahali ambapo wengi wangetarajia kichocheo. Sehemu inayofuata inatoa sababu.

3.0 Kichocheo: uangavu unaopotosha

Kiingi, mwanaleksikografia wa Uganda ambaye pia alihariri Enkuluze ya Oluganda ey'e Makerere (2007), alipendekeza vigezo tisa vya kupimia istilahi za sayansi vinavyojulikana kwa kifupisho cha PEGITOSCA. Vinavyohusika zaidi hapa ni usahihi, uzalishaji, umataifa, uangavu na kukubalika. Tangu hapo wahakiki wengi wa istilahi za Kiswahili wamevitumia, na mara nyingi uangavu umehesabiwa kuwa fadhila isiyohitaji maswali: neno linaloeleweka kwa kulisikia tu ni neno jema.

Neno kichocheo linaonyesha udhaifu wa imani hiyo. Ni angavu kabisa. Kila mzungumzaji anajua kuchochea ni nini: ni kusukuma kuni ndani ya moto ili uwake zaidi, na kwa kupanua maana, ni kutia watu maneno hadi wagombane. Mchochezi ni mtu wa shari, na uchochezi ni kosa linaloweza kumfikisha mtu mahakamani. Zaidi ya hayo, neno hilohilo limebebeshwa maana nyingine za kitaaluma. Katika elimu ya viumbe, vichocheo vya mwili ni jina linalotumiwa sana kwa homoni. Katika saikolojia kichocheo ni kile kinachoamsha mwitikio. Katika uchumi kuna vichocheo vya maendeleo. Wahudumu wa afya nao husema kwamba hewa chafu huchochea pumu.

Hapo ndipo tatizo linapodhihirika. Mwanafunzi wa sekondari Kampala anaweza kusoma katika somo moja kwamba gesi za magari huchochea pumu, na katika somo jingine kwamba gari huwekewa kichocheo ili kuilinda hewa. Kitenzi kimoja kimesimama upande wa ugonjwa na upande wa dawa. Uangavu wa neno unamwelekeza msomaji kwenye moto unaoongezwa kuni, ilhali tukio linalotajwa ni la kitu kisichoongeza chochote, kisichoisha, na kinachoyawezesha mabadiliko ambayo bila hicho yangechukua muda mrefu mno au yasingetokea kabisa katika joto lile.

Inafaa kukumbuka kwamba jina la kigeni lenyewe lilikuwa kisio. Mwanakemia Berzelius wa Uswidi alilibuni mwaka 1835 kutokana na Kigiriki, kwa wazo la kulegeza au kufungua, kabla utendaji wa vitu hivyo haujaeleweka. Baadaye Wilhelm Ostwald, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1909 kwa kazi yake katika uwanja huu, ndiye aliyeweka mkazo juu ya mwendo: kitu hiki hubadilisha kasi ya mmenyuko bila kuwa sehemu ya mazao yake ya mwisho. Wajapani, ambao wameijaza Kampala magari yao, waliunda neno kwa alama mbili za maandishi, moja ya kugusa na nyingine ya mpatanishi anayewaunganisha wachumba. Hawakufasiri Kigiriki, walitazama tukio, wakalipa jina kutoka katika maisha yao.

Kiswahili kinaye mtu huyo: ni mshenga. Mshenga huwakutanisha wawili, huondoka bila kuoa wala kuolewa, na kesho huitwa kwingine. Neno hili si pendekezo la istilahi, kwa kuwa ngeli yake ya watu na uzito wake wa kijamii havikubali kuzalisha vitenzi na vivumishi vya kemia. Lakini kama kielelezo cha kufundishia linafaa kuliko moto na kuni, kwa sababu linabeba sifa mbili ambazo kichocheo kinazificha: kwamba kitu hicho hakiliwi na kazi yake, na kwamba kazi yake ni ya kukutanisha.

Kwa istilahi yenyewe, kichapuzi kina nguvu zaidi. Kuchapua mwendo ni kuuharakisha, na fizikia ya Kiswahili tayari inatumia mchapuko kwa mabadiliko ya kasi. Mzizi huo unazaa bila kulazimishwa: kuchapua, uchapuzi, mmenyuko uliochapuliwa. Unalingana na fasili ya Ostwald na haugombani na homoni wala mahakama. Pingamizi moja ni kwamba, likitajwa pamoja na gari, neno hili linaweza kudhaniwa kuwa pedali ya kuongeza mwendo. Pingamizi hilo ni la haki, ila dereva wa Kiswahili hasemi kukanyaga kichapuzi. Husema kukanyaga mafuta. Nafasi hiyo iko wazi.

4.0 Kupunguza: utata uliorithiwa

Neno la pili ni gumu zaidi kwa sababu linaonekana halina tatizo. Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo mawili: kufanya kitu kiwe kidogo, na kukiondolea kiunzi kemikali oksijeni. Katika mada hii mambo yote mawili hutokea pamoja. Wahandisi hutaka oksidi za naitrojeni zipungue hewani, na njia ya kuzipunguza ni kuziondolea oksijeni. Mfasiri anayeandika kupunguza au upunguzaji katika nafasi zote mbili huyachanganya lengo na njia.

Athari yake huonekana wazi katika jina la mbinu ya dizeli iliyoelezwa juu. Tafsiri ya neno kwa neno ingetoa upunguzaji teule wa kichocheo. Msomaji wa Kiswahili angeelewa kwamba kuna kichocheo kinachopunguzwa, na kwamba upunguzaji huo umeteuliwa na mtu fulani. Hakuna sehemu hata moja ya maana hiyo iliyo ya kweli.

Lugha inazo nyenzo za kutenganisha. Kuvua ni kuondoa kilichovaliwa. Naitrojeni iliyovikwa oksijeni huvuliwa, na kinyume chake, kuoksidisha, ni kuivika. Jozi hii ya kuvika na kuvua oksijeni inamsaidia mwanafunzi kuona kwamba matukio hayo mawili hayaachani: kinachovuliwa kimoja huvikwa kingine. Ni tukio ambalo mafundi wa eneo hili walilifanya zamani sana. Wafua chuma wa Bunyoro na wa Buhaya, ng'ambo ya pili ya mpaka wa Mutukula, waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa. Makaa yaliivua oksidi ya chuma oksijeni yake, na chuma kikabaki. Kutu inayokula bati la nyumba ni safari hiyohiyo kwa kurudi nyuma. Mwalimu anayeanza na kutu na tanuri ana njia fupi ya kufika kwenye oksidi ya seriamu, inayovua na kuvaa oksijeni mamia ya mara katika safari moja ya gari.

Kuhusu teule, sarufi inatoa mwongozo. Kilicho teule kimechaguliwa. Kilicho teuzi huchagua. Methali isemayo mteuzi haishi tamaa humzungumzia anayechagua, si aliyechaguliwa. Katika mbinu ya dizeli kichapuzi ndicho kinachofanya amonia iziendee oksidi za naitrojeni na kuiacha oksijeni iliyojaa kote. Kwa hiyo kichapuzi hicho ni teuzi, na jina la mbinu linaweza kuwa uvuaji oksijeni kwa kichapuzi teuzi. Ni jina refu, na kwa kigezo cha iktisadi linapoteza alama. Lakini kila neno ndani yake linasema kweli, na msomaji anaweza kulifumbua bila kujua Kiingereza. Kupunguza hubaki kwa matumizi yake ya kawaida: kiasi cha gesi hewani kimepungua.

5.0 Masega: neno la gereji

Wakati wanaistilahi wakitafakari, mafundi hawakungoja. Katika gereji za Tanzania kifaa chote, kuanzia ganda la chuma hadi kauri iliyomo, huitwa masega. Aliyekipasua na kuitazama kauri yenye mirija mingi midogo hakuhitaji kuelezwa sababu. Kwa kigezo cha kukubalika neno hili limefaulu bila kupigiwa debe na baraza lolote, na kwa kigezo cha uangavu linapita majina yote ya vitabuni, ambayo kwa tafsiri ya moja kwa moja yangekuwa kitu kama kigeuzi cha kichocheo.

Hata hivyo, neno la watu nalo lina haki ya kuhakikiwa kama la wasomi. Masega yanataja umbo, na umbo la sega lina historia yake katika lugha. Sega ni kitu kinachorinwa. Mtu hupanda mtini, huwafukiza nyuki, huchukua kilicho ndani na kuondoka. Jina linapokipa kifaa umbo la sega, linakifanya pia kitu chenye mavuno. Na mavuno yapo: Machi 2021 bei ya rodiamu katika soko la dunia ilipita dola 25,000 za Marekani kwa aunsi. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki masega hutolewa kwenye magari na kuuzwa. Wakati mwingine mwenye gari hajui. Wakati mwingine anajua na anaridhia, kwa sababu ameambiwa kwamba yamezeeka, yameziba na yanalifanya gari kuwa zito. Sehemu ya kauri ya zamani huweza kweli kuziba. Lakini mahali pake hukatwa na kuungwa bomba tupu, na gari huendelea na safari likiwa jepesi, huku watu walio nyuma yake wakivuta kilichoachiwa.

Uvunaji huo haukuanzia Afrika. Mwaka 2020 mamlaka ya ukaguzi ya Uholanzi ilichapisha ripoti kuhusu magari yaliyotumika yanayopelekwa Afrika kupitia bandari zake, na miongoni mwa magari iliyoyachunguza yalikuwemo yaliyokwisha kuondolewa vichapuzi kabla ya kupakiwa melini. Hapo neno masega halikuhusika. Haifai basi kudai kwamba jina ndilo chanzo cha wizi. Kinachoweza kusemwa ni kwamba jina halitoi upinzani wowote. Fundi anayesema tunatoa masega hajatamka neno hata moja linalohusu pumzi ya mtu. Mteja anayemsikia hana swali la kuuliza, kwa sababu sega lililorinwa asali halina kazi tena.

Kwa maana hiyo, neno la kamusi na neno la gereji yana kasoro zinazokamilishana. Kichocheo kinataja kazi, lakini kazi isiyo yenyewe. Masega yanataja kitu, lakini bila kazi. Njia iliyo bora ni kuyakutanisha: masega yabaki kuwa jina la kifaa, kama watu walivyokwisha kuamua, na kichapuzi kiwe jina la kilichopakwa ndani yake. Ndipo sentensi ya kawaida itakapowezekana: masega haya hayana asali, yana kichapuzi, nacho ndicho kinachozivua gesi oksijeni kabla hujazivuta.

6.0 Lugha ya ukaguzi

Kuna hoja kwamba majadiliano ya istilahi ni anasa mbele ya tatizo linalohitaji sheria, mafuta safi na fedha. Hoja hiyo ina ukweli. Kiwango cha salfa katika dizeli kilichokubaliwa na nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki, sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, kimefanya mengi ambayo neno lisingeweza kufanya, kwa kuwa salfa huviharibu vichapuzi. Kabla yake, kuondolewa kwa risasi katika petroli kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006 ndiko kulikoyawezesha masega ya magari ya petroli kufanya kazi kabisa, maana risasi huufunika uso wa kichapuzi na kukiua. Uganda nayo imetunga Kanuni za Mazingira kuhusu Ubora wa Hewa za mwaka 2024.

Lakini sheria za aina hii hutekelezwa kwa maneno. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini Novemba 1999, iliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na kuagiza Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Mgawanyo huo bado unaonekana: mpaka wa gesi huwekwa kwa Kiingereza, na gari hukaguliwa, hukatwa bomba na kuuzwa kwa Kiswahili, Luganda na lugha nyingine za mtaani. Mkaguzi atakayetakiwa kumweleza dereva wa teksi kwa nini gari lake, ambalo halitoi moshi, limeshindwa kipimo, atahitaji sentensi. Akiwa na kichocheo na kupunguza peke yake, atamwambia kwamba gari halina kichocheo cha kupunguza. Dereva ana haki ya kudhani kwamba anauziwa kitu.

Hoja nyingine ni ya umataifa: kwa nini lisikopwe neno la kigeni likamaliza mjadala? Kwa majina ya elementi ukopaji ndiyo njia ifaayo, na makala haya yameyatohoa majina kama vanadiamu na seriamu kwa kufuata mfano wa sodiamu na potasiamu. Kwa jina la tukio hali ni tofauti. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya mwaka 2022, Kiswahili cha Jumuiya kinazungumzwa na wengi waliosomea sayansi kwa Kifaransa. Fundi wa Bukavu na fundi wa Kampala wangekopa kutoka milango miwili na kupata maneno mawili. Kichapuzi ni mali yao wote tangu mwanzo.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba istilahi tatu za mada moja zimekosea kwa namna tatu. Kichocheo kimechaguliwa kwa kulitazama neno la kigeni, kikaingiza moto mahali pa upatanishi. Kupunguza kumebeba utata ambao Kiswahili hakikuwa nao. Masega yamechaguliwa kwa kukitazama kitu, yakakubalika, lakini yakaiacha kazi yake bila kutajwa. Kutokana na hayo, kigezo cha uangavu katika PEGITOSCA kinahitaji kufasiriwa kwa uangalifu zaidi: neno angavu linalomulika pasipo mahali pake ni hatari kuliko neno geni, kwa sababu msikilizaji haoni haja ya kuuliza.

Yanayopendekezwa ni machache. Kamusi za sayansi, zikiwemo zitakazoifuata Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990), zitenganishe kichocheo cha mwili na kichapuzi cha mmenyuko. Kuvua na kuvika oksijeni zitumike kwa matukio ya kemia, na kupunguza kuachwe kwa vipimo. Masega yaingizwe kamusini kwa maana yake ya gari, pamoja na fasili inayotaja gesi na mapafu. Walimu wa Kiswahili wa Uganda, ambao wanaandaa sasa vitabu vya somo jipya, wanayo nafasi ambayo wenzao wa Kenya na Tanzania hawakuipata: wanaweza kulitia tukio hili katika kifungu cha ufahamu kabla neno lisilofaa halijaota mizizi darasani. Taasisi zinazopima hewa ya Kampala nazo zinaweza kutoa matokeo yao kwa Kiswahili, zikizitaja oksidi za naitrojeni kwa jina lake badala ya kuziacha ndani ya fumbo la hewa chafu.

Mtoto anayevuka barabara karibu na mzunguko wa Kibuye asubuhi hahitaji kujua kwamba rodiamu huishika monoksidi ya naitrojeni. Anahitaji mtu mzima mmoja, gereji au kwenye kituo cha ukaguzi, ambaye anapoambiwa kwamba masega yatolewe yauzwe anajua kwa lugha yake kile kinachouzwa.